Supu Iliyorukwa

Mimi ni mweupe. Nalisema mapema ili tusichoshane. Kwetu, kwenye nyumba za nyuma ya reli, walinitania tangu utotoni kwamba mama alinisahau kwenye ndoo ya maziwa. Dada yangu Irenke alizaliwa na rangi ya kahawa, mimi nikazaliwa na rangi ya unga, na tumbo ni hilohilo. Halafu nikaolewa na gaje, ndivyo tunavyomwita yeyote asiye wa kwetu, fundi wa mapaa aliyeitwa Szalai. Alikuwa mtu mwema, akafa mapema, akaniachia jina lake. Kwa hiyo mbele ya serikali ya Hungaria mimi ni Vilma Szalai, mjane, macho ya kijani. Wahungaria wanatuita Wajipsi, na wakilitamka neno hilo unaiona midomo yao inavyokunjamana. Sisi tunajiita Roma, na hatuhusiani na mji wa Papa. Pale kazini sikujiita kitu.

Kazi ilikuwa kwenye jiko la kampuni inayopikia shule za wilaya. Tulipika kuanzia alfajiri, tukajaza makopo makubwa ya bati, magari yakasambaza. Kabla yangu alikwenda binamu yangu Roza kuomba nafasi ileile. Roza ana cheti cha upishi, na kabichi yake ya kuviringa nyama hata gaje hutuma watoto kuja kuiomba kwa mlango wa nyuma. Lakini Roza ana rangi ya Irenke. Walimtazama mlangoni wakamwambia nafasi imeshajaa, na tangazo likabaki palepale dirishani nyuma ya mgongo wa aliyekuwa akisema. Nikaenda mimi, sina cheti, nakata kitunguu huku nalia, nikapewa aproni siku hiyohiyo. Nilipomweleza Roza alicheka sana. Kisha akakaa kitambo hasemi nami, na simlaumu.

Sikwenda pale kwa kupenda kudanganya. Irenke alifariki majira ya baridi, akaacha binti mmoja, Sari, wa miaka tisa. Serikali ikamchukua ikampeleka kwenye nyumba ya watoto ya mkoa. Nikaenda kumwomba. Ofisa wa ustawi wa watoto, mwanamke mpole mwenye sauti ya kubembeleza, aliniambia, "Bi Szalai, mlezi lazima awe na ajira ya kudumu. Niletee mkataba wa kudumu, nami nitakupa mtoto. Lakini usichelewe, kuna familia moja upande wa pili wa nchi inamtaka." Upande wa pili wa nchi, kwa watu wasiojua neno moja la lugha yetu. Basi, mambo yakawa hayo tu: nimalize muda wa majaribio kazini, nipate mkataba, nipate mtoto. Kila Jumapili nilikwenda kumwona. Mwanzoni nikimsemesha Kiroma alinijibu Kiroma. Siku za mwisho mwisho alikuwa akinijibu Kihungaria, na mimi nikirudi kwenye basi nalia kama nakata vitunguu.

Sasa kuna jambo moja ambalo gaje hawalijui kuhusu sisi, linanichekesha na kunikera kwa pamoja. Wanatuita wachafu. Lakini kwetu kitambaa cha mezani hakifuliwi kwenye beseni moja na sketi. Beseni la uso ni la uso, na la nguo za chini ni la nguo za chini. Mwanamke mzima havuki chakula, haruki sufuria, upindo wa sketi yake haugusi sahani. Ikitokea, chakula kimekuwa najisi, kinamwagwa, na chombo kinatupwa nacho. Si habari ya vijidudu. Mwanamke anaweza kuwa ametoka kuoga sasa hivi na bado chakula kikamwagwa. Ni heshima, na anayekula kilichorukwa amejivua heshima yake mwenyewe, hata ndugu zake hawakai naye meza moja. Krismasi moja shangazi yetu alipitisha mguu juu ya sinia la nyama, bahati mbaya tu, giza lilikuwa limeingia. Mama alibeba sinia zima akalitupa shimoni. Tulikula mkate na vitunguu, na hakuna aliyenung'unika.

Basi fikiria mimi pale jikoni, ambako beseni za viazi zinawekwa sakafuni na wanawake wanazivuka huku na huku siku nzima kama watu wanaovuka mfereji. Sikuweza kula. Nilisema nina vidonda vya tumbo, nikawa naleta mkate wangu kwenye karatasi na kuula pembeni.

Mpishi mkuu, Mama Terez, hakunipa nafasi ya kupumua. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, nywele kazipaka rangi ya manjano, sauti yake ukiisikia unajua mchuzi umeungua hata kama haujaungua. Alikuwa pale tangu jiko lilipofunguliwa. Mjipsi akipita barabarani Mama Terez alifunga dirisha kwa kishindo, na hakuna aliyetutukana vizuri kumzidi. Alikuwa na matusi mengine ambayo hata mimi, niliyetukanwa maisha yangu yote, nilikuwa sijayasikia.

"We Szalai," aliniambia siku moja mbele ya wote, "huo mkate mkavu kila siku, umeingia utawani?"

"Tumbo, Mama Terez."

"Tumbo, tumbo. Njoo ukae na wenzako. Hapa mtu akila peke yake watu wanaanza kuongea."

Nilikaa, nikazungusha kijiko kwenye bakuli mpaka wenzangu wakamaliza. Nilimchukia mwanamke yule. Usiku nikilala nilimtungia majibu.

Majaribio yangu yalikuwa yanaisha Ijumaa. Jumatano mkurugenzi alikuja jikoni na kufunga mlango nyuma yake. Bwana Halmos alikuwa mtu mwembamba anayeogopa simu, na siku hiyo simu ilikuwa imemfanyia ubaya.

"Jamani," alisema, "kuna mzazi amenipigia. Anasema amesikia humu ndani kuna mtu wa... wa jamii ile. Anagusa chakula cha watoto. Mimi si mbaguzi, mnanijua. Lakini habari hii ikifika shuleni zabuni imekwenda, na sisi sote vibarua vyetu vimeota nyasi."

Niliendelea kumenya karoti. Karoti ilikuwa imekwisha, nilikuwa namenya hewa.

"Mjipsi? Jikoni kwangu?" Mama Terez alisema. "Ningekuwa nimemnusa zamani."

Wanawake wakacheka. Na mimi nikacheka, tena kwa sauti.

Gaspar, dereva wa gari la kusambaza, alikuwa ameegemea mlango wa nyuma anakula tufaha. "Bosi, niachie mimi," alisema. "Nimekulia jirani nao. Nawajua hawa kuliko wanavyojijua. Nikimpata nitakwambia, na wala sitamuuliza mtu swali." Alipokuwa akisema hivyo hakumtazama mtu yeyote, na hilo ndilo lililonitisha.

Usiku ule sikulala. Nilijiambia, gaje atajua nini? Wamekaa karibu nasi karne nzima na hawajui hata majina yetu ya nyumbani. Nikajiambia pia kwamba Alhamisi ni siku moja tu, na siku moja inapita.

Alhamisi kwa chakula cha wafanyakazi tulipika supu ya maharage na mguu wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi. Jiko lilikuwa limejaa, kwa hiyo sufuria ikashushwa sakafuni karibu na mlango wa nyuma. Gaspar akarudi kutoka mzunguko wa asubuhi, akapulizia vidole, akaitazama ile sufuria, kisha akamtazama Ibolya. Ibolya alikuwa mwoshaji vyombo wetu, mama wa watoto wawili, mwanamke anayecheka kabla mzaha haujaisha.

"Ibi, nasikia ulikuwa bingwa wa kuruka kamba."

"Nani kakwambia uongo huo?"

"Ruka hiyo sufuria nikununulie bia."

"Bia mbili."

"Mbili, haya."

Ibolya akakunja sketi mpaka magotini, akarudi nyuma, akaruka. Alitua kwa kishindo, upindo wa sketi ukapita juu ya mvuke wa supu. Wenzangu wakapiga makofi.

Mama Terez akageuka kutoka jikoni na mwiko mkononi. "Mnacheza na chakula, nyie?"

"Mzaha tu, Mama Terez," Gaspar akasema. "Leo tukae wote, nami nipakue. Na bosi anakuja kula nasi."

Kweli Bwana Halmos akaingia, akakaa kichwani mwa meza bila kumtazama mtu, akajifunga leso kifuani. Hapo nikajua nimenaswa. Hawakuwa wanatafuta mtu tena, walikuwa wanahakikisha tu. Gaspar akachukua upawa, akachota kuanzia chini ili maharage yaje na nyama, na bakuli la kwanza akaliweka mbele yangu.

"Kwanza mgonjwa," akasema.

Akawapakulia wengine wote. Vijiko vikaanza kugonga. Mama Terez, upande wa pili wa meza, alikuwa ameshaanza kula, tena kwa kelele kama kawaida yake, na mkate anauchovya. Nilimtazama nikamwonea wivu. Nilitamani kuwa yeye, mwanamke ambaye supu kwake ni supu.

"Kula, Vilma," Gaspar akasema.

"Tumbo langu leo limeamka vibaya."

"Supu ya maharage ni dawa ya tumbo. Muulize mtu yeyote."

"Bado ya moto."

"Mbona sisi tunakula?"

"Si umwache mwenzio," Ibolya akasema mdomo umejaa. "Mtu anaumwa."

"Nimemfanya nini? Namwomba ale tu. Au kuna ubaya kumwomba mtu ale, bosi?"

Bwana Halmos akakohoa, akachunguza leso yake.

Nilishika kijiko. Nataka uelewe kwamba niliamua kula. Sikuyumba. Nilijiambia, Vilma, ni maharage tu, na kesho ni mkataba, na Jumatatu ni Sari. Nitakula, na Roza hatajua, na ndugu zangu waliolala makaburini watanisamehe au wasinisamehe, shauri yao. Nilikijaza kijiko, nikakiinua. Kila kilivyopanda nililisema jina la mtoto kimoyomoyo. Sari, Sari. Kikafika mdomoni, na mdomo ukakataa. Sikuufunga mimi. Ulijifunga wenyewe, meno yameumana, na harufu ya ule moshi wa nguruwe ikanipanda puani nikaona sketi ya Ibolya, nikaona sinia la mama linaruka shimoni. Tone moja likaanguka mezani.

Gaspar akaweka mkate wake chini. Polepole, kama mtu aliyeshiba. Alikuwa anatabasamu.

Hapo Mama Terez akasimama.

Sikumwelewa. Nilidhani anafuata chumvi. Alichukua bakuli lake, lilikuwa limebaki nusu, akalimimina kwenye sufuria. Akanyoosha mkono juu ya meza akanyakua na langu, akalimimina pia. Kisha akaishika ile sufuria kwa masikio yake mawili, akaiburuta mpaka kwenye tundu la maji machafu sakafuni, akaiinamisha. Supu yote ikaenda. Mguu wa nguruwe ukabaki umelala juu ya vigae. Hakuishia hapo. Akafungua mlango wa nyuma kwa bega, akaibeba sufuria tupu, akaitupa uani kwa nguvu zake zote. Tulisikia inavyobingirika kwenye lami.

Ibolya akashusha kijiko.

"Terez," Bwana Halmos akasema, "unafanya nini?"

"Imerukwa," Mama Terez akasema. Alikuwa anahema. "Chakula kilichorukwa na mwanamke hakiliwi."

Ilichukua muda neno lile kuingia. Lilimwingia Gaspar kwanza. Aliachama, akanitazama mimi, akamtazama yeye.

"Wewe?"

"Mimi."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii. Wanao wawili wamekua kwa mkono wangu, Gaspar, na mkubwa amenenepa mpaka anashindwa kufunga viatu. Umewahi kusikia amekufa?"

"Lakini ulikuwa unakula," Ibolya akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyeibiwa kitu. "Sasa hivi ulikuwa unakula. Nimekuona."

"Nilikuwa nakula." Mama Terez akajigusa koo. "Nimekula mengi humu, mwanangu. Ya leo yamenikwama hapa."

Hakunitazama. Macho yake yalikwenda kwa kila mtu mezani, yakaniruka. Nami nilikuwa bado nimeshika kijiko, kimejaa, na supu pekee iliyobaki ya bakuli langu ilikuwa mkononi mwangu. Ndipo nilipoelewa yale maneno ya kuniandama: njoo ukae na wenzako, mtu akila peke yake watu wanaongea. Alikuwa amenijua tangu mkate wa kwanza. Yeye alikuwa ameshavuka mto salama, amekaa ng'ambo, anachovya mkate. Alirudi majini kwa ajili yangu.

Bwana Halmos alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Nataka ieleweke," alisema, "kwamba kampuni hii haimfukuzi mtu kwa sababu ya asili yake. Sheria hairuhusu na mimi mwenyewe siruhusu." Akavua leso. Unaweza kumwona mtu anapotafuta njia, na unaweza kumwona anapoipata. "Lakini umemwaga chakula cha kampuni. Umeharibu chombo cha kampuni. Mbele ya mashahidi. Hilo ni kosa kubwa kazini, Terez, kwa mtu yeyote."

"Umelipata haraka," Mama Terez akasema. "Hongera."

Akafungua aproni, akaikunja, akaiweka mezani mahali pa bakuli lake. Akachukua koti lake msumarini. Nilitaka kusimama. Miguu ilikuwa tayari, nakuapia, na maneno yalikuwa tayari, kwa Kiroma na kwa Kihungaria. Kilichonizuia nakijua na wewe unakijua, kina miaka tisa na kinalala kwenye kitanda cha chuma mkoani.

"Bosi, ngoja kidogo," Gaspar akasema. Alikuwa amekasirika sasa, kama mtu aliyetega panya akamnasa paka wa nyumbani. "Na huyu je?" Akaninyooshea kidole. "Huyu hajala. Kabla haijamwagwa, huyu hakuweka hata tone mdomoni. Labda wako wawili. Hawa hawatembei mmoja mmoja."

Wote wakanigeukia. Bwana Halmos pia, na uchovu wote wa dunia usoni mwake, kwa sababu angelazimika kutafuta kosa jingine.

Mama Terez alikuwa ameshatia mkono mmoja kwenye koti. Akageuka, akanitazama kuanzia viatuni mpaka nyweleni, taratibu, kwa chuki ambayo mpaka leo nikiikumbuka nasikia baridi.

"Huyu?" akasema. "Huyu gaje? Gaspar, na wewe unajidai unatujua." Akacheka. "Nimemlisha tangu alipokuja, na kila sahani yangu anaibetulia mdomo. Eti tumbo. Hana tumbo lolote, ana maringo. Anaona mkono wangu haumfai, na ndiye pekee humu aliyekuwa na akili ya kuona hivyo. Mnafiki, mkavu, hana hata shukrani. Niiteni mnavyotaka, nimezoea. Lakini msinitukane kwa kunifananisha na huyu." Akatema mate karibu na kiatu changu.

Angeweza kuondoka hapo. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake na upepo unaingia. Hakuondoka. Alisimama anafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, macho yake yakiwa kwangu, na vifungo vilipokwisha aliendelea kusimama.

Wote walikuwa wananisubiri, na yeye ananisubiri. Mjipsi amemtemea mate mwanamke wa Kihungaria mbele ya bosi wake. Mwanamke huyo anajibu nini? Nilijua anachojibu. Nimekisikia dukani, kwenye basi, nimekisikia kwenye korido ya hospitali Irenke akiwa kwenye kitanda cha magurudumu na hakuna anayemsogelea. Nilijua mpaka namna ya kukunja midomo.

"Toka jikoni kwetu," nikasema. "Mjipsi mchafu wewe."

Sauti ilitoka nzuri. Haikutetemeka hata kidogo.

Mama Terez aliinamisha kichwa kidogo sana, hata hakuna aliyeona isipokuwa mimi, kama alivyofanya akionja mchuzi akakuta umekolea. Kisha akatoka.

"Haya," Gaspar akasema. "Huyu ni wetu." Akanisogezea mkate na kipande cha soseji aliyoitoa kwenye mfuko wake mwenyewe, na wanawake wakaanza kusema wote kwa pamoja, kwamba walimshuku siku nyingi, kwamba zile nywele hazikuwa za kawaida. Ibolya peke yake alikuwa amefunika uso kwa kitambaa cha vyombo. Mimi nilikwenda chooni nikatapika, na sikuwa nimekula kitu.

Ijumaa nilitia saini mkataba. Bwana Halmos aliniazima kalamu yake. "Pole kwa ya jana," aliniambia. "Watu wa namna ile hata ukiwatendea wema." Hakumalizia, nami nikamshukuru. Ofisa wa ustawi wa watoto alifurahi kweli, akanishika mikono yote miwili, na wiki iliyofuata Sari alikuwa nyumbani kwangu na begi lake la plastiki.

Roza aliuliza huku na huku. Terez alikuwa binti wa familia moja ya ng'ambo ya mto Tisza. Mama yake alipozikwa alipita mbele ya makaburi ndani ya gari, hakushuka, kwa hofu ya kuonekana. Mume wake gaje alikuwa amejua siku zote, lakini majirani hawakujua, na sasa wanajua. Hakuna jiko la wilaya hii litakalomchukua tena. Nilitaka kwenda kwake. Roza akanishika mkono mlangoni akaniambia, "Ukienda wakakuona, atakuwa amemwaga bure." Nikavua viatu. Nampenda mwanamke yule kama ninavyompenda dada yangu, na siwezi kupita mtaa anaokaa.

Jioni ya kwanza Roza alituletea kabichi yake. Sari alikaa mezani, mwembamba, nywele wamemkata fupi kama mvulana, anakula huku amezungushia sahani mkono kama wanavyokula watoto wa kule. Nikamsemesha Kiroma. Nilimwambia kuna mwanamke anaitwa Terez, mnene, nywele za manjano, labda sasa ameziacha zirudi rangi yake.

"Ukimwona barabarani," nikamwambia, "popote, hata nikiwa na watu wa kazini, hata ukiniona najifanya simjui, wewe niache. Mkimbilie, umbusu mkono, umwambie wewe ni Sari."

Alifikiria, akatafuna. "Na wewe, mama mdogo?" akauliza, na aliuliza kwa lugha yetu. "Wewe utafanya nini?"

Nikamwambia ale, chakula kinapoa.